Seti ya Old Man Emu kwenye Prado 120: gari imepanda, ila tairi ya 285 bado inagusa

Wadau, naona kila mwenye Prado siku hizi anataka kuinyanyua afunge tairi kubwa, na swali ni lile lile kila siku, "nikiinyanyua inchi mbili, 285 itaingia?" Sasa mimi nina Toyota Prado 120, petroli 2.7, otomatiki, niko Arusha, nimefunga seti ya springi na shokapu za Old Man Emu na tairi nimejaribu saizi mbili tofauti, kwa hiyo wacha niseme nilichokiona. Seti ni nzuri sana, hata kesho ningeinunua tena. Lakini ukiinunua kwa ajili ya tairi tu, umenunua dawa ya kichwa wakati kinachouma ni tumbo.

Nianze na yenyewe. Old Man Emu ni mali ya ARB, wale Waaustralia walioanza 1975 kutengeneza vitu vya magari ya porini. Ndani ya seti kuna springi nne na shokapu nne, basi. Kwenye 120 mbele springi imevalishwa juu ya shokapu na kila gurudumu linajitegemea, nyuma ni ekseli moja ngumu na springi za koili. Kitu ambacho watu wanakiruka ni kwamba springi unachagua kwa uzito wa gari yako, sio kwa urefu unaoutaka. Kuna za mbele za gari yenye bampa ya plastiki, kuna za mwenye bampa ya chuma na winchi, na nyuma hivyo hivyo, kuna za gari tupu na kuna za anayebeba mzigo muda wote. Jamaa anaona za mzigo zinapandisha zaidi anazifunga kwenye gari tupu, halafu analalamika seti ni ngumu, akipita tuta mtoto anagonga kichwa juu. Seti haina kosa hapo. Mimi mbele niliweka za bampa ya kawaida na nyuma za mzigo wa kati, maana nikitoka huwa kuna hema, maji, jiko, na shemeji ambaye sio mwepesi.

Gari ilipanda kama inchi mbili hivi, mbele ikapanda zaidi kidogo kuliko nyuma kwa hiyo ule mkao wa kuinamisha pua umeisha. Upande wa dereva ulikuwa umelala kidogo, fundi akaweka kile kipande chembamba cha kusawazisha juu ya springi ikakaa sawa. Kidogo lakini ukishakiona huwezi kuacha kukiona.

Barabarani ndo utamu ulipo. Njia ya Engaruka kwenda Ngare Sero wanaoijua wanaijua, kuna vumbi la volkano, kuna mawe, kuna makorongo yanayokata barabara halafu ghafla unapata mawimbi yale ya rafu rodi yanayotetemesha mpaka dashibodi. Na shokapu za zamani nilikuwa nikifika kwenye mawimbi mkia unaanza kutembea wenyewe, unashika usukani kwa mikono miwili unaomba Mungu. Ile ni mafuta ya shokapu yanachemka, yakishachemka hayashiki tena springi, gurudumu linarukaruka badala ya kufuata ardhi. Na hizi gari inatulia. Haijawa laini, tuelewane, kwenye lami ya Moshi Road unahisi kila kiraka, ila kwenye rafu unaweza kushika kikombe cha chai na mwenzako asikuchungulie kwa wasiwasi. Korongoni pia, unashuka na pua haigongi chini, na nyuma ikiwa na mzigo haikai chini kama zamani.

Sasa tairi.

Ya kiwandani kwenye gari yangu ni 265/65R17 (upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, halafu rimu kwa inchi), piga hesabu kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukienda 265/70R17 unapata 803. Ukienda 285/70R17, hii ambayo kila mtu anaiota, unapata 831. Tofauti ya 776 na 831 ni milimita 55, ila ekseli inapanda nusu yake tu, kama milimita 27, maana nusu nyingine iko juu. Na hiyo nusu ya juu pamoja na upana ulioongezeka ndo vinakuja kukutafutia ugomvi na bodi.

Hapa naomba tuelewane vizuri maana ndo watu wanapoliwa hela. Lifti, yaani huku kuinyanyua gari, inaongeza nafasi gari ikiwa imesimama. Ukiiangalia imepaki unaona kanafasi kazuri juu ya tairi, unapiga picha, unafurahi. Lakini gurudumu likiingia kwenye shimo linapanda juu mpaka linapokutana na stopa ya raba, na stopa iko pale pale ilipokuwa kabla hujafunga kitu. Springi ndefu haijahamisha stopa, haijahamisha madigadi, haijahamisha chesi. Kwa hiyo sehemu ile ya juu kabisa tairi inafika kule kule ilikokuwa ikifika zamani, tofauti ni kwamba sasa imenenepa. Kama ilikuwa haina nafasi pale bila lifti, haina nafasi pale na lifti, labda inagusa mara chache tu kwa sababu springi ngumu inachelewa kufika mwisho.

Na kwenye 120 mgusano wenyewe wala sio wa juu, ni wa nyuma ya tairi ya mbele. Piga magoti uangalie, nyuma ya lile plastiki la ndani ya madigadi kuna kipande cha chesi kimetokeza kama ngumi, ndo kinachoshika bodi, mafundi wanakiita maunti ya bodi. Kabla ya kununua chochote niliazima 285 za jamaa yangu nikazifunga kwa rimu zangu za kiwandani. Mbele moja kwa moja hakuna shida. Kukata kona kawaida, hakuna shida. Kata usukani mpaka mwisho halafu rudi rivasi, "krrrr". Ukiwa korongoni gurudumu moja limebanwa juu na usukani umekata, inashika kabisa, unasikia harufu ya raba, ukishuka unakuta tairi imechunwa kwenye bega na plastiki limesukumwa mpaka klipu zimeng'oka. Fundi alichungulia akacheka, "Bosi, hapa ni grenda tu." Yaani akate ile ngumi, achomelee bati upya, apige rangi. Kazi hiyo inafanyika duniani kote na ikifanywa na mtu anayejua kuchomelea ni salama, ila ni chesi ile, sio bampa, na mimi kwa kukata chesi ili nionekane mrefu barabara ya Njiro nikasema hapana asante.

Kabla ya grenda kuna njia nyingine na hii nawashauri wote hata msioenda 285. Alaimenti. Ukishanyanyua mbele kasta (ule mhimili wa kukatia kona unavyolalia nyuma) inapungua, gari inakuwa nyepesi usukani na inazurura ukifika mwendo. Kwenye wishboni ya chini, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, kuna boliti mbili zenye jicho la kurekebishia, ukizizungusha gurudumu zima linasogea mbele kidogo, kasta inarudi na nafasi kwenye ile ngumi inaongezeka. Ni milimita chache lakini ndo zinazoamua inagusa au haigusi. Shida yake, kwenye magari haya ya umri huu (120 ilitoka 2002 mpaka 2009, kwa hiyo hata ile changa kabisa sio mtoto) boliti zile zimeshikana na bushi kwa kutu. Dogo wa alaimenti alininyanyulia mikono, "kaka hizi hazizunguki, nikilazimisha zinakatika." Ilibidi zipigwe moto zitolewe, ziwekwe mpya na bushi zake. Kwa hiyo kwenye bajeti yako ya lifti weka hela ya boliti na bushi za wishboni ya chini kabisa, usisubiri ushangae. Na alaimenti ya elfu kumi ya kuangalia too peke yake (magurudumu yanavyoelekea ndani au nje) haitoshi, tafuta mwenye mashine anayeweza kukuonyesha kasta kwa namba.

Wale wa rimu za kutokea nje nao wajue, rimu ya kiwandani ya 120 ina upana wa inchi 7.5 kwa ofseti ya milimita 30 (umbali wa pale rimu inapofungwa kutoka katikati ya upana wake). Ukifunga ya ofseti ndogo tairi inatoka nje, unaona imependeza, lakini ikikata kona inachora duara kubwa zaidi, kwa hiyo ilikokuwa inagusa kidogo sasa inagusa zaidi na kona ya bampa nayo inaingia kwenye ugomvi.

Mwisho wa siku nikafunga 265/70R17. Hazigusi popote, sio kwa rivasi, sio korongoni na mzigo. Wenye Land Cruiser za watalii hapa mjini wamelijua hili miaka mingi, angalieni tairi zao, nyingi ni 7.50R16, urefu wake karibu sawa na 265/70 yangu lakini nyembamba, zinapita kila mahali na hazigusi kitu. Sisi wa rimu 17 ndo tunapenda unene. Kuna saizi ya 255/75R17 ambayo ingetufaa kwa mtindo huo huo ila kuipata hapa ni kazi.

Tairi kubwa ina gharama zingine ambazo muuza tairi hakwambii. Kwa 285 spidi ikisoma 100 hesabu inakupa 107, kwa 265/70 inakupa kama 103. Spidomita za kiwandani huwa zinazidisha kidogo kwa hiyo 103 inamezwa humo humo, lakini 107 na wale trafiki wa tochi za spidi kwenye vijiji vya 50 mtafahamiana. Injini ya 2.7 pia inasikia, tairi imezidi uzito na ni kama umebadilisha gia ikawa ndefu, kilima cha kutoka Mto wa Mbu kupanda Rhotia gari ilikuwa inahangaika kutafuta gia na 285, na wese inakula. Breki nazo zina kazi zaidi.

Halafu kuna hii ya spesa. Vile vyuma au plastiki ngumu vinavyowekwa juu ya shokapu ya mbele, bei ya kutupa, milimita 25 tu inakupandisha karibu 50 kwa sababu ya jinsi wishboni ilivyokaa. Binamu yangu alifungiwa gereji moja, jina silitaji. Gari ilipanda kweli. Ila shokapu ni ile ile iliyochoka, na sasa gurudumu likining'inia linashuka chini kuliko Toyota walivyopanga, sivii joint (kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele) inakunjwa kwa pembe mbaya, boli joint ya juu inavutwa. Buti za sivii zilipasuka zote mbili, grisi ikatapakaa ndani ya rimu. Kama hela haitoshi baki na urefu wa kiwandani ufunge shokapu mpya.

Nyuma vitu ni vichache. Ekseli inasogea pembeni milimita chache kwa sababu ya ile fimbo ya kukingama inayoiunganisha na chesi, kwa inchi mbili nimeiacha, haisumbui. Kama yako ina ile valvu ya breki inayopima mzigo wa nyuma, mwambie fundi airekebishe kimkono chake, la sivyo gari inadhani iko tupu muda wote na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Na hakikisha paipu za breki hazijavutika gari ikiwa kwenye jeki magurudumu yananing'inia.

Bei? Nililipa hela inayokaribia pikipiki mpya ya bodaboda kwa seti peke yake, ufundi na alaimenti na zile boliti juu yake. Kwa anayezunguka mjini na kwenda Moshi wikiendi sioni sababu. Kwa anayelala porini na mzigo, nyota tano kwa springi na shokapu, na kwa kuingiza 285 naipa mbili, hizo mbili zenyewe ni kwa sababu nina moyo mzuri. Wenye Prado 150 zenye KDSS msinifuate kichwa kichwa, mfumo wenu wa kuzuia kulala una mambo yake na seti zake.

Na tairi ya spea, kama yako inakaa mlango wa nyuma, pima kabla ya kununua, kava gumu la kiwandani limenigomea hata kwa 265/70, sasa hivi naendesha na kava la turubai.