Kozi ya mtandaoni ya wasiwasi kwa tuliowekewa difibrileta: maoni yangu

Kwa wenzangu wenye difibrileta kifuani, kile kifaa kinachoupiga moyo shoti ya umeme mapigo yakienda vibaya kwa hatari, nataka kuisemea hii kozi niliyotumiwa linki na kliniki baada ya kupigwa shoti, maana kiukweli mwili ulipona mapema, akili ndo ilibaki nyuma.

Nilichokipenda, hawaanzi na habari za tulia vuta pumzi, wanaanza na shoti yenyewe. Somo la kwanza tu unaandika mpango wako: ukipigwa mara moja na ukajisikia vizuri, pumzika halafu pigia kliniki simu, ukipigwa mara mbili au zaidi mfululizo, au hata moja ila kifua kinauma, pumzi inakata, unataka kuzimia, hiyo ni dharura, iteni ambulensi. Mke wangu anao, kazini wanao. Yaani kujua tu utafanya nini kunashusha presha sana.

Halafu somo la kukwepakwepa, hapa ndo penyewe. Mtu kapigwa shoti kwenye ngazi anaacha ngazi, kapigwa bafuni anaogopa kuoga peke yake, anaacha mazoezi, mpaka tendo la ndoa anaacha, na kadiri unavyoacha vitu ndo hofu inazidi kukutawala. Wanakurudisha kidogokidogo daktari akishakuruhusu, na kila ukijaribu unaandika hofu ilikuwa kiasi gani kabla na baada. Wameeleza pia zile shoti za kuhisi tu, unashtuka usingizini unaapa umepigwa, kifaa kikisomwa hakuna kitu, na wanasema wazi inatokea na wala hujachanganyikiwa. Na aliyekushika wakati wa shoti hadhuriki, sanasana atasikia mtekenyo. Mke wangu kusoma hiyo, akarudi kulala karibu yangu, nilifurahi mno.

Kasoro zipo. Mshauri unamwandikia meseji, jibu linaweza kuja kesho yake, sasa hofu ya saa nane usiku itasubirije? Waweke mtu wa zamu. Sauti za mazoezi ya kupumua za kawaida tu. Na wenye pesimeka ya kawaida, kile kifaa cha kuusaidia moyo usipige taratibu mno, wamechanganywa na sisi wakati yao haipigi shoti, watutenganishe, hofu zetu hazifanani.

Kama huli, hulali au unawaza kujidhuru, hii haikutoshi, onana na mtaalamu ana kwa ana haraka. Wengine, hasa mliopigwa shoti karibuni, ulizeni kliniki zenu kama wanayo ya aina hii, na mwenza wako afungue naye, kuna masomo yake humo.