Kipozaji kizuri, ufungaji wa shida: uzoefu wangu kwenye soketi ya AM4

Nina miezi minne na kipozaji hiki juu ya prosesa ya AMD, Ryzen 5 3600, inayokaa kwenye soketi ya AM4, na kwa kupoza sina la kulalamika. Ni mnara wa mapezi ya alumini, mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120. Kilichonitoa jasho ni kukifunga: saa nne, na bisibisi nimeishika miaka mingi.

Shida ilianza hata kabla sijakigusa. Kwenye AM4, skrubu nne za feni ya zamani ndizo zinazolishika pia bamba la chuma lililo nyuma ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Ukizifungua zote, bamba linaachia. Langu lilidondokea nyuma, na uwazi wa kasha upande ule haupitishi vidole, ikabidi niing'oe mazabodi nzima. Karatasi ya maelekezo haikuligusa jambo hili hata kwa mchoro. Wenye AM5, soketi iliyofuata ya AMD, wamenusurika hapo, maana bamba lao limefungwa pamoja na soketi.

Kuibandua feni ya zamani nako kunataka subira. Pesti (ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na kipozaji kupitisha joto) ikikauka inashika kama gundi, na soketi ya AM4 haina kifuniko cha kuikandamiza prosesa. Ukivuta kwa pupa, prosesa inakuja nayo, na miguu yake 1,331 inapinda kirahisi. Niliiacha kompyuta ifanye kazi kama dakika kumi ipate joto, nikaizima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua skrubu, kisha nikaizungusha feni kidogo kushoto na kulia mpaka ikaachia yenyewe.

Lakini kosa lililonigharimu zaidi ni la bushi za plastiki, vile vipande vinavyoinua vishikio vya kipozaji juu ya bodi. Boksi lina vifuko viwili, vya Intel na vya AMD, na havina alama yoyote. Kwa macho zinafanana, ila urefu unapishana kidogo. Nikazichanganya. Tena nikakaza skrubu ya upande mmoja hadi mwisho ndipo nikahamia wa pili, ambao uligoma kushika hadi niukandamize kwa kiganja. Nilipoipa prosesa kazi nzito, joto lilipanda hadi nyuzi 93, wakati kikomo chake ni 95. Nilishuku pesti. Nilipokifungua nikaona pesti imetandazika nusu tu ya prosesa. Nusu ya pili tone lilikuwa bado limetuna. Kipozaji kilikaa upande.

Nikafuta kila kitu kwa spiriti, nikapanga bushi zilizo sawa, nikaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Safari hii nilikaza kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili kule, mpaka springi za skrubu zikafika mwisho pamoja. Kazi ile ile, joto halikuvuka nyuzi 70, na feni huisikii.

Feni ilinigusia kijiti cha kwanza cha RAM (kumbukumbu ya kompyuta), nikaipandisha milimita chache kwenye klipu zake. Kama kasha lako ni jembamba, pima kwanza kimo, kwa sababu mnara huu ni mrefu.

Kwa upoaji nampa mtengenezaji nyota tano. Kwa ufungaji, mbili, na ya tatu ataipata siku atakapoandika jina juu ya vile vifuko.