Recoll kwenye seva ya nyumbani, Mtwara: uzoefu wangu

Ninaitumia Recoll, programu ya kutafuta maneno ndani ya nyaraka, kwenye kompyuta kuukuu ya Debian (aina ya Linux) yenye RAM ya GB 4, kupekulia stakabadhi za ghala za korosho, mikataba ya mashamba ya Newala na barua za familia. Andika jina la kijiji, karatasi inajitokeza. Kwa hilo naipa alama za juu.

Seva haina skrini, kwa hiyo sakinisha recollcmd tu, yaani Recoll ya kuendeshwa kwa amri za maandishi. Ongeza poppler-utils kwa ajili ya PDF, antiword kwa hati za .doc, kisha tesseract-ocr, inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha, na tesseract-ocr-swa ya Kiswahili. Usisahau hizi mbili za mwisho. Stakabadhi zetu nyingi ni picha zilizofungwa ndani ya PDF, na bila tesseract Recoll hushika jina la faili peke yake. Kwenye ~/.recoll/recoll.conf weka:

topdirs = /srv/nyaraka
pdfocr = 1
ocrprogs = tesseract
tesseractlang = swa
idxflushmb = 20

Skani kwa nukta 300 kwa inchi. Chini ya hapo herufi zinachanganyikana. Endesha recollindex, amri inayojenga faharasa ya maneno, kisha soma faili liitwalo missing ndani ya ~/.recoll: linataja programu saidizi ambazo hazikupatikana.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, idxflushmb ndogo inaokoa, maana faharasa huandikwa diskini mara kwa mara. Faharasa ikiharibika kabisa, recollindex -z huijenga upya, na maandishi yaliyokwisha kusomwa kwenye picha hubaki akibani, hayasomwi tena. Ipo pia recollindex -m ya kufuatilia mabadiliko papo hapo, lakini kila folda hula nafasi moja ya inotify (huduma ya Linux inayotoa taarifa faili zikibadilika) na folda zikiwa nyingi kikomo hufikiwa. Mimi naona cron, ratiba ya Linux ya kuendesha amri kwa saa maalumu, ya saa 7 usiku inatosha (kwenye cron andika 1, si 7).

Udhaifu wake mkubwa ni Kiswahili chenyewe. Recoll inajua kukata miisho ya maneno ya Kiingereza, ilhali maneno yetu hubadilika mwanzoni. Ukitafuta korosho, hutaona mkorosho wala mikorosho. Dawa ni nyota, kwenye recollq, amri ya kutafutia:

recollq -b '*korosho'

Hizo alama za kufungia ni lazima, la sivyo shell (programu inayopokea amri zako) itaitafsiri nyota kabla Recoll haijaiona. Majibu yatachelewa kidogo, kwa kuwa orodha nzima ya maneno inapitiwa. Nyaraka ukizipanga kwa folda za misimu, ongeza dir:2019 na msimu mwingine hautakuchanganya.