Nyama choma ya Argentina: parrilla ya Buenos Aires au asado (uchomaji wa nyama kwa makaa) ya nyumbani?
Kwa entraña (nyama nyembamba ya kiwambo cha ng'ombe) au bife de chorizo (steki ya mgongo), nenda parrilla, yaani mgahawa wa nyama choma. Vipande hivi vinataka moto mkali kwa dakika chache, na huko makaa huwa tayari muda wote. Taja unavyotaka iive: jugoso ni nyekundu ndani, a punto ni ya wastani.

Mbavu, tira de asado, ni tamu zaidi nyumbani, maana hazitaki haraka. Hesabu nusu kilo mbichi kwa kila mtu. Washa kuni pembeni, kisha sogeza chini ya wavu makaa yaliyoshika majivu meupe. Ndimi za moto huunguza nje na kuacha ndani mbichi. Kiganja kikistahimili sekunde 6 hivi juu ya wavu, anza. Nyunyiza chumvi ya mawe, laza mbavu upande wa mifupa kama dakika 45, geuza, kisha dakika 15 nyingine. Mafuta yakidondoka na kuwaka, sukuma makaa kando. Usimwage maji: majivu yataruka kwenye nyama. Chimichurri, mchuzi wa majani ya viungo na kitunguu saumu, ibaki mezani, kwa sababu kitunguu saumu kikiungua huwa kichungu.