Mashairi ya Langston Hughes: kitabu cha mitumba nilichopata Kampala

Jamani niwaambie kuhusu hiki kitabu. Ni Selected Poems ya Langston Hughes, yule mshairi mweusi wa Marekani, ile iliyotoka 1959, nimeipata kwa muuza vitabu vya mitumba hapa Kampala kwa elfu 18, alianza na 30 tukavutana weee mpaka akakubali.

Shuleni tulipewa shairi lake moja tu, lile la Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York, la mistari 11, anauliza ndoto ikicheleweshwa inakuaje, inakauka kama zabibu juani, inanuka kama nyama iliyooza, ama inalipuka. Tukakariri, tukafanya mtihani, basi. Kumbe lile ni kipande cha mlolongo mrefu alioutoa 1951, Montage of a Dream Deferred, na humu utaukuta, sasa ukianza nao mwanzo unasikia watu wa mtaa wanaongea, huyu kodi, yule kazi, jazi inaingia inatoka, mstari unakatwa katikati, af neno ndoto linarudi na kurudi. Ukifika pale pa kulipuka ushajua hatungi mfano tu manake Harlem ililipuka kweli 1943, polisi mzungu alimpiga risasi mwanajeshi mweusi, na Vita ya Pili ya Dunia ilikuwa bado inaendelea!

Kuna mstari anasema labda ndoto inalegea tu kama mzigo mzito. Hapo nilifunga kitabu. Sisi huku chumba kimoja cha kupanga tunakiita muzigo, na mi niko kwenye muzigo mwaka wa sita na digrii yangu iko kwa bahasha.

Lakini shairi langu ni lile la landilodi. Mpangaji anasema paa linavuja, ngazi zimevunjika, sikupi dola 10 mpaka utengeneze, landilodi anatishia kumtoa na kumkatia joto la nyumba, mpangaji anasema atampiga ngumi, tayari polisi hao, na anafungwa siku 90. Paa halijaguswa! Yaani hata mimi mvua ya Aprili niliweka beseni juu ya kitanda na mwenye nyumba akaja kuulizia kodi tu, ila mwenzetu wa Harlem aliongezewa na rangi ya ngozi, mahakama ilishamhukumu kabla hajafungua mdomo. Huko Boston 1965 kuna mwalimu alifukuzwa kazi kwa kuwasomea watoto shairi hilo hilo.

Halafu lile la mito, aliandika 1920 hajafika hata miaka 20, anataja Kongo na Nile. Nile yetu hii ya Jinja. Na Kampala alifika mwenyewe, Juni 1962 kwenye mkutano wa waandishi Makerere, miezi minne kabla ya uhuru wetu, sijui kwa nini hatufundishwi hivyo.

Kasoro zipo. Kopi yangu gundi imekufa kurasa zinatoka, maandishi madogo, maelezo hakuna, na Kiingereza chake ni cha mtaani kwa hiyo soma kwa sauti, kimoyomoyo hutapata mdundo. Ila ukikiona hata kwa elfu 30 chukua, usinunue vile vijitabu vya mtihani vyenye shairi moja.

Changu sahizi kiko kwa dada wa chumba cha tatu, nimemwambia aanze na landilodi.