TAHADHARI: Muuza manyoya ya mishale, "inchi 5" yake ni inchi 4

Jamani, yule jamaa wa manyoya ya mishale tuliyekuwa tukimsifu, msimtumie hela. Nimekaa na hili siku tatu kwa aibu, lakini nikinyamaza ataliza mwingine.

Nilitaka kutengeneza mishale 12 kabla ya Jumamosi. Nilimuuliza kama manyoya ya inchi 4 yangenitosha. Tapeli wa kawaida angesema chukua. Yeye akaniuliza kwanza chembe zangu, yaani vile vichwa vya mbele vya mishale, ni za aina gani. Nikamwambia ni pana, zenye makali mawili. Akanieleza kwamba chembe pana inashika upepo kule mbele, kwa hiyo nyuma panatakiwa manyoya makubwa ya kuunyoosha mshale, manyoya matatu ya inchi 4 yanatosha chembe nyembamba za mazoezi, "wewe weka 5, na yote yawe ya bawa la upande mmoja." Na ni kweli kabisa! Hapo ndipo aliponipata. Mtu anayeijua kazi hivyo, tena anakukataza kununua kisichokufaa, utamshuku kwa lipi?

Nikaomba picha yenye rula. Akatuma papo hapo. Unyoya mwekundu wa bata mzinga umelala juu ya rula ya mbao, ncha yake imegota kwenye 5. Mwanzo wa rula ameushika kwa kidole gumba. Nilikiona kile kidole, wallahi nilikiona, nikadhani anazuia unyoya usiteleze. Nikatuma hela yote, ya manyoya 36.

Mzigo ulipofika nikaanza kugundisha usiku huohuo bila kupima. Mengine yalikataa kukaa kwenye kibanio, yananyanyuka upande mmoja. Nikalaumu mkono wangu, nikayakandamiza. Asubuhi mshale wa kwanza ukatoka unatikisa mkia kama samaki, ukaipiga shabaha kiubavu. Wa pili vilevile. Nikachukua rula. Inchi 4, yote! Kuyageuza upande wa kung'aa, mshale mmoja una mawili ya bawa la kulia na moja la kushoto, yaani haya yanauzungusha huku, lile linauvuta kule. Nikaifungua tena ile picha, nikaikuza. Unyoya unaanzia kwenye 1, pale gumba lilipoishia.

Nilipomwandikia alisoma, kisha akanifungia.

Huyu afungiwe akaunti zote, arudishe kila senti, na afikishwe polisi. Asiachiwe kwa kuomba radhi. Chembe yenye makali ikiwa juu ya mshale unaoyumba inaweza kumpata mtu, na yeye alijua naifunga chembe gani, maana aliniuliza mwenyewe! Huo si wizi wa manyoya tu. Mimi pia nilimsifu kabla sijapokea mzigo. Nimeyafuta yale maneno, mnisamehe.

Dalili zilikuwepo. Alionyesha unyoya mmoja tu, fungu zima hakuwahi. Malipo yote mbele. Na rula, jamani, sifuri ionekane.

Kama na wewe amekuliza, niandikie leo, utunze ile picha yake na risiti ya malipo. Nakwenda kumshtaki, na tukiwa wengi hatakuwa na pa kujificha.