Popo wa Pemba saa ya magharibi: uzoefu wangu wa safari ya siku nne kutoka Mombasa

Nimerudi juzi na viatu vya mwanangu bado vina mchanga wa kisiwa kidogo cha Misali. Naandika mapema kabla sijasahau, kwa sababu mwenyewe kabla ya kwenda nilihangaika kutafuta maelezo. Watu wengi wa kwetu Majengo wanakwenda Pemba, lakini wanakwenda harusini au matangani. Nilipouliza habari za msitu na popo, hakuna aliyekuwa na la kuniambia.

Safari niliinunua kwa wakala mmoja wa hapa mjini: siku 4, usafiri, malazi Chake Chake, chakula cha asubuhi na cha jioni, na viingilio. Mimi nililipa shilingi za Kenya 42,000, mwanangu wa miaka 13 akalipiwa 28,000. Tulikuwa watu 6. Tulivuka Likoni alfajiri, tukapita Lunga Lunga na Horohoro mpaka Tanga, na kutoka Tanga tukapanda meli. Mpakani waliangalia kadi ya homa ya manjano ya kila mtu, mmoja mmoja, kwa hiyo usiiache nyumbani. Habari za njiani ni hizo tu, hazina makubwa.

Nianze na Kidike, maana ndiko nilikokwenda kwa moyo wote. Ni kijiji kilicho kati ya Chake Chake na Wete, na pembeni yake pana miti mirefu wanakolala popo wa Pemba. Popo hawa hawapatikani popote pengine duniani. Akifungua mbawa anafikia kama mita moja na nusu. Mimi popo niliowajua ni wale wadogo wanaojificha chini ya mapaa ya nyumba, kwa hiyo nilipoinua macho mara ya kwanza nilidhani ni majani makubwa yaliyokauka. Kisha jani moja likajinyoosha, likafungua ubawa mweusi na kuanza kujipepea taratibu, kama bibi anavyojipepea kwa kipepeo barazani. Nikakaza macho. Manyoya ya kichwani na shingoni yana rangi ya kutu, uso kama wa kijibwa, macho makubwa yakitutazama kichwa chini. Mwingine alikuwa amemfunika mtoto wake, na kilichoonekana kwa nje ni sikio tu.

Tatizo ni kwamba tulifikishwa hapo saa sita mchana, na tukapewa dakika arubaini. Mchana popo amelala. Dada aliyetuongoza, ambaye ni wa hapo hapo kijijini, ndiye aliyeniambia kwa sauti ya chini: "Dada yangu, ungekuja magharibi ungeona mambo." Nilimwomba dereva turudi jioni, akasema ratiba hairuhusu. Nikamwambia nitalipa mafuta mwenyewe. Nikalipa, na mimi na mwanangu tukarudi.

Jua lilipoanza kushuka, popo mmoja aliachia tawi, akazunguka juu ya minazi na kurudi. Wakatoka wawili, kisha kumi, kisha sikuweza tena kuhesabu. Wanapita juu ya kichwa karibu kiasi cha kusikia mbawa zao, mlio mzito kama kanga mbichi inayokung'utwa kabla ya kuanikwa. Adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikitini, na wao wakawa wanaelekea mashambani kwenye maembe na mashelisheli. Mwanangu, ambaye simu haimtoki mkononi, alisimama ameachama. Simu ilikuwa mfukoni.

Yule dada alitusimulia kwamba baba yake zamani alikuwa mwindaji. Popo walikuwa kitoweo, wakiwindwa kwa bunduki na nyavu, na miti waliyolala ikikatwa. Walipungua mpaka mwaka 1996 wakaingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama waliokaribia kabisa kutoweka. Vijiji ndivyo vilivyobadilisha mambo: watu wakaunda vikundi, wakailinda miti, na kiingilio cha wageni kikawa na faida kwao. Kufikia 2008 popo walikuwa wameshapita 20,000 na hadhi yao katika orodha ile ikawa nafuu. Nilimuuliza kama wenye maembe hawalalamiki. Akasema wanalalamika, lakini mbegu wanazoangusha popo usiku ndizo zinazoota miti msituni, na hilo wazee wanalijua. Nilipenda alivyojibu bila kuficha upande wowote.

Siku ya pili ilikuwa msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, baada ya mji mdogo wa Konde. Waarabu waliita Pemba Al-Khadra, kisiwa cha kijani, na ndani ya Ngezi utaelewa kwa nini. Mzee aliyetutembeza alituonyesha mivule mikubwa na mpapindi, mti mwembamba wa porini wa jamii ya mnazi ambao asili yake ni Pemba. Ndiye aliyenifunulia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: baina ya Unguja na bara maji hayana kina kirefu, lakini mkondo wa Pemba unashuka kiasi cha mita 800. Kwa hiyo Pemba imekaa peke yake muda mrefu sana, na viumbe wake wakawa wa kwake. Ndege wasiopatikana popote ila Pemba wako aina nne: ninga, chozi, jicho-jeupe na bundi mdogo.

Huyo bundi nilimtaka sana. Ratiba iliandika "matembezi ya usiku msituni". Tulichopata ni nusu saa baada ya magharibi, kwa sababu malazi yetu yalikuwa Chake Chake na dereva alitaka kurudi. Tuliona macho ya komba yaking'aa kwenye tochi, na bundi tulimsikia tu, "hu" moja, kimya, "hu" moja tena. Mzee akasema, "Mngesubiri kidogo angekuja karibu." Hatukusubiri. Hilo bado linaniuma.

Misali nayo tuliikaribia kuikosa. Tulikwenda Agosti, likizo ya shule, na Agosti ni kusi, msimu wa upepo wa kusini unaochafua bahari. Wakala alituhakikishia bahari ni shuwari. Mtu yeyote aliyezaliwa pwani hapaswi kumwambia mwenzake hivyo, na mimi nilipaswa kumbishia. Siku ya tatu nahodha pale bandarini Wesha alitazama maji akakataa kutoka, na namshukuru. Siku ya nne asubuhi upepo ulipungua tukavuka, mwanangu akatapika njia nzima, tukapata saa mbili tu kisiwani.

Lakini saa mbili hizo! Wavuvi wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kuswalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake kwa kuwa kimeelekea kibla. Ndipo likatoka jina Misali. Hifadhi yake iliwekwa 1998, na kuna sehemu ya bahari haivuliwi kabisa. Tulizama na miwani tukaona matumbawe hai, na ufukweni mlinzi alituonyesha shimo la kasa lililokwisha kuanguliwa. Aliniwekea ganda la yai kiganjani: jeupe, laini, limekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Tukalirudisha palepale mchangani.

Malazi yalikuwa safi na chakula kizuri, pweza wa nazi hasa. Nguo za heshima ni lazima, kisiwa chote ni cha watu wa dini.

Nikitenganisha, waongozaji wa vijijini siwezi kuwapunguzia hata alama moja. Wakala nampa sita kwa kumi. Ukinunua safari hii, dai waandike kwenye ratiba kwamba Kidike ni magharibi, omba usiku mmoja ulale upande wa Konde ili Ngezi isikukimbie, na uende msimu wa kaskazi, Disemba mpaka Machi, bahari ikiwa imelala. Bahashishi mpe mwongozaji mkononi mwake.

Nimemwandikia wakala yote haya. Amejibu kwamba ratiba ya Kidike ataihamishia jioni. Februari inshallah narudi kumtafuta yule bundi, na mama yangu, aliyesema popo hawamhusu, ameshaniuliza nauli yake ni kiasi gani.